Kwaresima ya Walutheri na Msamiati Wake katika Kiswahili

Historia ya msamiati wa Kiswahili imeandikwa kwa wingi kwa kufuata nyayo za biashara, utawala na shule. Kalenda ya kanisa haijapewa nafasi inayoistahili, ingawa imebeba maneno yanayotamkwa kila mwaka na watu wengi wasio na habari ya mahali yalikotoka. Mhadhara huu unachukua sehemu moja tu ya kalenda hiyo: siku arobaini za kujiandaa kwa Pasaka, kama zinavyoadhimishwa na Walutheri. Hoja yake ni kwamba Kwaresima ya Mlutheri asemaye Kiswahili si tafsiri ya Kwaresima ya Mjerumani. Mafundisho yalitoka Wittenberg. Maneno yalipatikana kwa jirani, na jirani huyo alikuwa ama Mkatoliki ama Mwislamu.

Yafaa mafundisho yenyewe yaeleweke kwanza. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi ya kuamkia Pasaka ni siku 46. Zikitolewa Jumapili 6, ambazo hazihesabiwi kuwa siku za mfungo kwa sababu kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko, hubaki 40. Hesabu hiyo Walutheri waliirithi kutoka kanisa la Magharibi, wala hawakuigusa. Walichokigusa ni sharti. Mwaka 1517, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95, Martin Luther alidai kwamba toba ni kazi ya maisha yote ya mwamini. Kwa mantiki hiyo majuma sita hayawezi kuibeba peke yake. Hata hivyo, mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1522. Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, na huku nyuma mji wa Wittenberg ulikuwa umechafuka: Andreas Karlstadt na wenzake waliharakisha mageuzi, sanamu zikavunjwa, na watu wakala nyama siku zilizokatazwa ili waonekane kuwa wako huru. Luther alirudi, na kuanzia tarehe 9 Machi 1522, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, alihubiri siku nane mfululizo. Msimamo wake uliwaudhi watu wa pande zote mbili. Aliye huru kula nyama yuko huru pia kutoila. Na anayeila ili kumkwaza ndugu yake aliye dhaifu ameugeuza uhuru kuwa sheria nyingine.

Maandiko ya imani yaliyofuata yalishika mkondo huo huo. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inakubali kwamba kufunga ni matayarisho mazuri ya nje kabla ya kuijia Meza ya Bwana, lakini inasema kinachomfanya mtu astahili ni imani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 26, halipigi marufuku kufunga. Linakataa tu kufunga kuhesabiwe kuwa njia ya kujipatia neema. Uzito wa majira ukahamia katika kusikiliza habari za mateso ya Kristo. Huko Leipzig, zama za Johann Sebastian Bach, muziki mkubwa wa kanisani ulinyamaza majuma ya Kwaresima, isipokuwa sikukuu ya Mariamu kupashwa habari, hata ilipofika Ijumaa Kuu ndipo mateso yalipoimbwa. Si ajabu kwamba Walutheri wa Kijerumani, pamoja na jina lao la zamani lenye maana ya majira ya kufunga, walizoea jina jingine: Passionszeit, yaani majira ya mateso.

Wamisionari wa mapokeo hayo walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na wale wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mtu angetazamia kwamba makanisa waliyoyapanda yangeita majira haya kwa jina la mateso. Neno lililoshika ni Kwaresima. Umbo lake linatoboa siri yote. Kilatini kina quadragesima, maana yake ya arobaini. Lingechukuliwa moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini, d na g zingebaki. Zimekwisha kudondoka, kama zilivyodondoka katika quaresma ya Kireno na quaresima ya Kiitalia. Wala halikutoka katika Kifaransa, ambacho kimelikata hadi carême. Lent ya Kiingereza haina udugu nalo kabisa, kwa kuwa asili yake ni jina la majira ya machipuo, jambo lisilo na maana hapa ambapo Kwaresima huangukia mwisho wa kiangazi na mwanzo wa masika. Basi Mlutheri analitumia neno lililopita katika vinywa vya Wakatoliki. Kiswahili kilikwisha kuzoea maneno ya namna hiyo. Padri ni Mreno wa asili, na Wareno ndio waliotupa pia gereza, kutokana na igreja, kanisa; safari ya maana kutoka ibadani hadi kifungoni yastahili mhadhara wake yenyewe.

Si kila mahali madhehebu mawili yalikubaliana. Jumapili inayofungua juma la mwisho, Mkatoliki huiita ya Matawi, na Mlutheri huiita ya Mitende. Injili ya Yohana inasema watu walichukua matawi ya mitende, kwa hiyo kila upande umechukua nusu ya kirai kimoja. Kifaransa, lugha ya mapadri waliotangulia Unguja na Bagamoyo, huitaja siku hiyo kwa matawi; Kijerumani huitaja kwa mitende. Hapo, na hapo tu, alama ya kidole cha mmisionari inaonekana wazi.

Neno lenye mzigo mkubwa kuliko yote ni kufunga. Ni la Kibantu, na maana yake ya msingi ni kukaza kwa kamba au kuziba. Lakini kabla Mkristo wa kwanza hajalitumia kanisani, pwani lilikwisha kuwa neno la Ramadhani. Hata hesabu ya miezi ililitegemea: mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa. Mhubiri wa Kilutheri akisema «tunafunga» anatumia kitenzi ambacho kwa msikilizaji wa pwani kina saa, kina mpaka wa alfajiri na magharibi, na kina sharti. Anachokusudia hakina hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana mahubiri ya Jumatano ya Majivu hayana budi kulifafanua neno kila mwaka. Na tazama kilichoachwa nyuma: kanisa lilichukua kufunga, halikuchukua kufungua. Pasaka haikuitwa mfunguo. Pasipo sheria iliyofunga mlango, hapana cha kufunguliwa, na yaelekea lugha ililitambua jambo hilo kabla ya wanateolojia. Mwezi wa Machi 2025, Ramadhani ilipoanza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, jibu «nimefunga» lingeweza kumaanisha mambo mawili tofauti katika nyumba mbili zinazopakana.

Yupo aliyetaka kupunguza ujirani huu. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Usambara, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu ambayo aliyaona kuwa mzigo kwa watu wa bara. Kazi yake ilikuwa ya kisomi na ilipendwa na Walutheri wengi. Lakini shabaha yake haikutimia. Toba, dhambi, rehema, msalaba na sadaka ni za asili ya Kiarabu, na bila hizo Kwaresima haisemeki. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iliziweka mahali pake, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, linaomba kwa maneno hayo hadi leo.

Majina ya siku yanaikamilisha picha. Jumatano ni siku ya tano, na hesabu hiyo huanza baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini. Ijumaa Kuu imebeba jina la mkusanyiko huo huo, ambapo Mjerumani ameweka neno la kale la maombolezo. Jambo la ajabu zaidi li katika asubuhi ya Pasaka yenyewe. Injili zote nne zasema kwamba wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma, na katika makanisa ya Kiswahili habari hiyo husomwa kulipopambazuka, siku iitwayo ya pili.