Kuba za Tudor na Fundi wa Kati

Mgeni anayepita Tudor, kisiwani Mombasa, akaziona kuba na matao meupe kando ya barabara ya Tom Mboya, aghalabu hudhani ni msikiti wa jumuiya fulani, au kasri lililobaki kutoka zama za maliwali. Jengo lilikusudiwa lionekane hivyo hasa. Lakini waliolijenga walitaka ndani yake vijana wafundishwe umeme, injini na useremala.

Leo hapo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kabla ya hapo ilikuwa Politekniki ya Mombasa, na wapo wazee ambao mpaka sasa hupaita MIOME, kifupi cha jina la Kiingereza la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Ukiyafuata majina hayo moja baada ya jingine utaiona historia ya Afrika Mashariki nzima katika jambo moja. Tunajenga chuo cha kumtoa fundi wa kati, yule anayesimama baina ya mhandisi mwenye shahada na fundi wa mkono. Chuo kikishajijengea jina tunakipandisha cheo, na fundi wa kati anaanza kutafutwa upya.

Habari ya MIOME inaanza mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pwani ya Kenya wakati huo, kisheria, ilikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza, na bendera yake nyekundu ilipepea Ngome ya Yesu. Bandari ya Kilindini ilikuwa imekwisha kupata magati ya kina kirefu tangu miaka ya 1920, na karakana za reli zilikuwa na kazi tele. Kazi zenyewe, hata hivyo, zilishikwa zaidi na mafundi wa Kihindi, na kutoka bara walikuja vijana waliosoma shule za misheni au waliopitia chuo cha ufundi cha serikali pale Kabete. Kijana Mwislamu wa Mombasa, Lamu au Malindi aliachwa nyuma, na sababu haikuwa uvivu. Shule nyingi zilikuwa za wamisionari, na mzazi aliogopa mtoto ataingia na juzuu atoke na jina la ubatizo.

Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliliona pengo hilo. Aliyeandaa ripoti ya namna ya kulijaza alikuwa Sir Bernard Reilly, aliyewahi kuwa gavana wa Aden na aliyezijua jamii za Kiislamu za Bahari ya Hindi. Fedha zilitoka sehemu ambazo si kawaida kuzikuta kwenye daftari moja: kwa Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan wa Tatu, imamu wa Maismailia, kwa jumuiya ya Mabohora, na kwa serikali ya Uingereza yenyewe. Ibadhi, Ismailia na Bohora walichanga mfuko mmoja kwa ajili ya karakana, jambo ambalo lingekuwa gumu kama mfuko huo ungekuwa wa madrasa. Chuma hakina madhehebu.

Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951. Taasisi ilikusudiwa kuwahudumia Waislamu wa Afrika Mashariki yote, si wa Mombasa peke yao. Mafunzo yalielekezwa kwenye yale ambayo mji wa bandari unayahitaji: umeme, mitambo, kazi za mbao, mambo ya meli na ubaharia. Kwa watu ambao babu zao waliunda majahazi kwa macho na kamba, bila mchoro hata mmoja, hesabu za injini ya meli zilikuwa elimu mpya juu ya kazi ya zamani.

Hapa nimtaje mfanyakazi mmoja wa MIOME ambaye hakuwa mwanafunzi wala mwalimu wa karakana. Ali Mazrui, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari. Makerere haikumchukua. Akapata kazi MIOME, na miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuwasimamia wanafunzi wa bweni. Katika sherehe moja ya Maulidi alisimama kutoa hotuba, na Sir Philip Mitchell alikuwapo akisikiliza. Mitchell alivutiwa, na msaada wake ukamfungulia kijana huyo njia ya kupata udhamini wa masomo Uingereza. Mwaka 1955 Mazrui aliondoka Mombasa kwenda mji wa viwanda wa Huddersfield, na chuo alichosomea huko kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa nacho chuo cha ufundi.

Huddersfield tutairudia, maana ina neno lake katika habari hii.

Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 milango ya MIOME ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye sifa, awe wa dini au kabila lolote. Mwaka 1963 ukanda wa pwani ukaunganishwa rasmi na Kenya huru, na Sultani akaachia madai yake. Taasisi iliyoanzishwa kwa jina la dini katika milki ya Sultani isingeweza kubaki na jina hilo muda mrefu ndani ya jamhuri iliyotaka mafundi wa taifa. Mei 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Wapo pwani wanaoyazungumzia mabadiliko hayo kwa uchungu hadi leo: fedha zilichangwa kwa ajili ya watoto wa Kiislamu, wanasema, na serikali ikajitwalia. Hoja yao ina uzito wake. Ila pia ni kweli kwamba kiwanda cha saruji cha Bamburi, kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe na bandari yenyewe vilihitaji watu wengi kuliko ambao jumuiya moja ingeweza kuwatoa.

Mwaka 1972 ikapandishwa tena, ikawa Politekniki ya Mombasa, ya pili ya kitaifa baada ya ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1961. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo miaka yake bora. Mwanafunzi aliyechukua cheti cha ufundi alikaa miaka 2 au karibu yake. Wa stashahada alikaa miaka 3. Wengi walikuwa tayari wameajiriwa. Mwajiri aliwaleta darasani kwa vipindi, wakasoma miezi kadhaa, wakarudi kazini, kisha wakaja tena. Mitihani ya ufundi ilifuata City and Guilds ya London, hadi Baraza la Mitihani la Kenya lilipoanzishwa mwaka 1980 na kuichukua kazi hiyo hatua kwa hatua.

Mtu asiyepitia mafunzo ya namna hiyo hudhani siku ya kwanza mwanafunzi wa mitambo hufunguliwa injini. La. Katika mafunzo ya mtindo huo hupewa kipande cha chuma na tupa. Hukibana kwenye jiriwa, akasugua uso mmoja mpaka ulale sawasawa, kisha wa pili ukae pembe mraba na ule wa kwanza. Hakimu wake ni guni la chuma: huliweka ukingoni, akavinyanyua vyote viwili kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, hata mwembamba kama uzi, kipande kinarudi kwenye jiriwa, na mwalimu hana haja ya kusema neno. Zoezi hilo huweza kula siku nyingi. Viganja hutoka malengelenge, ovaroli hujaa unga wa chuma, na baadhi huanza kujiuliza kama walikuja chuoni au jela. Mchana huohuo wanaingia chumba cha michoro, na baada yake ni hesabu za mkondo wa umeme.

Huo mchanganyiko ndio unaomtoa fundi wa kati. Mhandisi hukokotoa pampu inahitaji nguvu kiasi gani. Fundi wa mkono hulehemu bomba. Katikati anatakiwa mtu anayeweza kuusoma mchoro wa yule wa kwanza, akaisikiliza pampu inavyounguruma, akajua kuwa beringi imelika kabla haijavunjika, na akamweleza yule wa pili akate wapi. Kwenye mikutano ya wahandisi wa kanda hii hunukuliwa uwiano wa mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5, ndio hao mafundi wa kati, na mafundi mchundo 25, yaani mafundi wa mkono. Ukizihesabu shahada zinazotolewa kila mwaka unaweza kudhani tunaisoma hesabu hiyo kinyumenyume.

Jirani zetu walipita njia hiyohiyo ya kuvipandisha vyuo cheo. Dar es Salaam ilipata taasisi yake ya ufundi mwaka 1957, pale zinapokutana barabara za Morogoro na Bibi Titi Mohamed. Kwa miaka mingi cheti chake cha fundi sanifu, FTC, kiliheshimika sana, na mwenye nacho alipokewa na shirika la umeme TANESCO, reli na wizara ya ujenzi bila maswali mengi. Sheria ya mwaka 1997 ikaigeuza kuwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT), na shahada zikafuata. Mbeya ilipewa chuo cha ufundi mwaka 1986; leo ni chuo kikuu. Politekniki ya Kyambogo, Uganda, iliunganishwa na vyuo vingine mwaka 2003, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Kwa nini hali ni hii? Wengi huwalaumu wazazi kwa kupenda majoho. Mimi huitazama kwanza karatasi ya mshahara. Katika utumishi wa umma wa Kenya, kwa miaka mingi mwenye stashahada aliingia ngazi ya H, na mwenye shahada akaanzia J au K. Aliyejua kuitengeneza jenereta aliweza kumaliza miaka 10 akiwa chini ya mtu aliyeajiriwa jana na ambaye bado humuuliza swichi iko wapi. Hapo mzazi anayemhimiza mwanawe atafute shahada anafanya hesabu sahihi kabisa. Serikali nayo ilijaribu kuibadili shule yenyewe: Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilitaka elimu ya vitendo, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukaingiza useremala na ushonaji hadi shule za msingi. Ngazi za mishahara zilibaki palepale.

Tarehe 23 Agosti 2007 Politekniki ya Mombasa ikageuzwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Chansela wa chuo hicho mama, tangu mwaka 2003, alikuwa Profesa Ali Mazrui. Msimamizi wa bweni wa MIOME akawa mkuu wa heshima wa mahali palepale alipokuwa akiwaamrisha vijana wazime taa. Nacho chuo chake cha Huddersfield kilikuwa kimekwisha kupanda ngazi hizohizo: politekniki mwaka 1970, chuo kikuu mwaka 1992, pale Uingereza ilipozigeuza politekniki zake zote kuwa vyuo vikuu. Kwa hiyo ugonjwa huu, kama ni ugonjwa, hatukuuanzisha sisi.

Januari 2013 Mombasa ilipata hati kamili ya chuo kikuu, na Politekniki ya Kenya ya Nairobi vivyo hivyo. Politekniki mbili za kwanza za nchi zikatoka kwenye orodha ya politekniki kwa mpigo. Mwaka huohuo kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta, na pwani ikapoteza mojawapo ya karakana kubwa ambako kijana wa Tudor angejifunzia kazi kwa mikono. Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja. Kwa aliyehitimu mwaka ule, hilo halikumpunguzia kitu.

Likazuka na zogo la wahitimu. Bodi ya wahandisi haikuwa tayari kumsajili kila mwenye shahada ya teknolojia kama mhandisi, na wahitimu wa vyuo vikuu vya kiufundi wakajikuta mlangoni na vyeti mikononi. Bunge likatunga Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016, inayowapa wanateknolojia na mafundi sanifu bodi yao ya usajili. Ilichukua zaidi ya nusu karne tangu uhuru kwa fundi wa kati kupata daftari lenye jina lake.

Wakati huohuo serikali ilianza kujenga upya ilichokuwa imekipandisha. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 2013, politekniki mpya za kitaifa zikatangazwa, na vyuo vya kiufundi vikaenezwa hadi kwenye maeneobunge. Mwaka 2018 karo ikapangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa 30,000, na salio likatafutwa kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, au mfukoni mwa mzazi. Wanafunzi waliongezeka kwelikweli. Tudor pia bado inafundisha stashahada kando ya shahada, kwa hiyo si haki kusema karakana ilifungwa.

Lakini vyuo vilivyozaliwa kwa harambee vinatuonyesha mambo yanakoelekea. Chuo cha teknolojia cha Murang'a, ambacho wananchi walikichangia wapate mafundi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Cha Kirinyaga kikafuata mwaka huohuo. Meru ilikuwa imekwisha kutangulia. Na kila msimu wa kampeni hakosekani mgombea anayeahidi chuo kikuu kwa kaunti yake. Aliyeahidi jiriwa na matupa sijamsikia bado.