Muziki wa Bure Hulipiwa na Nani?

Kila nikisikia kituo cha sanaa cha vijana kimefungwa, sababu huwa ni ileile: mfadhili kaondoka. Walimu wanakaa miezi bila posho, ala zinafungiwa stoo, watoto wanarudi mtaani. Sisi waandishi tunaandika habari moja ya masikitiko kisha tunahamia nyingine. Leo tufanye tofauti kidogo, wadau. Tuingie kwenye historia tuulize: ni nani aliyewahi kufundisha sanaa bure kwa miaka mingi bila kufunga milango? Na je, nani alilipa?

Mfano mkubwa kuliko yote ninayoijua uko mbali, Venezuela. Mwezi Februari 1975, José Antonio Abreu aliitisha mazoezi ya okestra ya vijana ndani ya gereji jijini Caracas. Alikuwa amepewa msaada wa stendi 50 za kuwekea nota, akitegemea vijana 100. Wakaja 11. Abreu alisimulia baadaye kwamba usiku ule ilibidi achague: aifunge shughuli ile au aizidishe. Akaizidisha.

Bwana huyu hakuwa mwanamuziki tu. Alikuwa mchumi na aliwahi kuwa mbunge, kwa hiyo alijua bajeti ya serikali inavyopikwa. Alijua kwamba nchi ikibanwa, fungu la utamaduni ndilo la kwanza kukatwa. Basi mradi wake, ambao leo dunia inauita El Sistema, aliusimamisha kama kazi ya kulea vijana, na kwa miaka mingi ukakaa chini ya wizara za vijana na ustawi wa jamii. Mwaka 1976 vijana wake walikwenda kwenye tamasha la okestra za vijana huko Aberdeen, Scotland, wakarudi na sifa. Mwaka 1979 ikaundwa taasisi ya serikali ya kuusimamia.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtoto akitoka shule mchana anakwenda kwenye kituo cha mtaani kwao. Halipi ada. Fidla au tarumbeta anaazimwa. Hakai peke yake na mwalimu miaka mitatu akipiga skeli. Tangu mwanzo anawekwa kwenye kundi, na aliyetangulia anamwelekeza aliyekuja jana. Huko ndiko alikotoka Gustavo Dudamel, mtoto wa Barquisimeto aliyezaliwa 1981, ambaye mwaka 2009 alikuwa kondakta mkuu wa okestra ya Los Angeles. Kondakta wa okestra nasema, si wa daladala!

Sasa tuje kwenye bili. Fedha nyingi zilitoka serikalini, na fedha za serikali ya Venezuela zilitoka kwenye mafuta. Marais walikuja na kuondoka, wa mrengo huu na ule, na Abreu akaelewana nao wote. Hugo Chávez alipoingia madarakani 1999, mradi haukufa, bali ulikua. Mwaka 2007 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili yake. Niambieni, ni kituo gani cha sanaa kwetu kimewahi kuota namba kama hiyo?

Lakini anayelipa hukosi kumwona. Mwaka 2014 mtafiti Mwingereza Geoffrey Baker alitoa kitabu kinachoukosoa mradi huo: mamlaka yamejaa juu, na madai ya kuwaokoa maskini ni makubwa kuliko ushahidi. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikaporomoka. Mwaka 2017 watu walipoingia barabarani kuipinga serikali ya Nicolás Maduro, kijana mmoja mpiga viola, mwanafunzi wa El Sistema, aliuawa kwenye maandamano. Dudamel, ambaye kwa muda mrefu alilaumiwa kwa kukaa kimya, akaandika hadharani kumkosoa rais. Haikupita miezi mingi, ziara ya okestra ya taifa ya vijana nchini Marekani, ambayo yeye angeiongoza, ikafutwa. Wanamuziki wengi wakahama nchi pamoja na mamilioni ya wenzao. Abreu alifariki Machi 2018.

Hata hivyo mradi haukufungwa. Novemba 2021 wanamuziki 8,573 walipiga pamoja jijini Caracas wakaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia. Kwa hiyo serikali inaweza kulipa kwa miongo mingi. Ila wakati mwingine itataka ukimya, na uchumi wake ukiugua, nawe unaugua.

Turudi kwetu. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics huko Korogocho, Nairobi, kwenye eneo la kanisa la Mtakatifu Yohane, jirani na dampo la Dandora. Wazo ni lilelile: watoto wa mtaa, ala za okestra, bila ada, wakubwa wakifundisha wadogo. Tofauti ni mlipaji. Hapa hapakuwa na mafuta wala wizara. Kulikuwa na wahisani na makampuni. Tamasha la jazz la Safaricom lililoanza 2014 lilipeleka mapato yake kwenye mradi huo, na Bob Collymore, mkuu wa kampuni hiyo, ambaye mwenyewe alijifunza saksofoni, alikuwa rafiki yake mkubwa. Collymore alifariki Julai 2019. Mwaka uliofuata ikaja korona, matamasha yakasimama kila mahali. Mradi umesimama mpaka leo, na hilo ni la kupongezwa. Lakini ona jinsi ulivyo mwembamba uzi unaoshika kitu kizima: mapenzi ya bosi mmoja, tiketi za tamasha moja.

Zanzibar nako kuna somo. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilifunguliwa mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha, Mji Mkongwe, kikafundisha taarab, ngoma na kidumbaki. Hakikuwa cha bure kabisa, ila ada ilikuwa ndogo, na bado wanafunzi wengi hawakuimudu. Wafadhili wa nje waliziba pengo. Walipopungua, mwaka 2019 chuo kilisema wazi kwamba kiko hatarini kufungwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, wahenga walishamaliza.

Na hapohapo Unguja kuna klabu ya taarab inayoitwa Nadi Ikhwani Safaa. Ilianzishwa mwaka 1905. Imepita enzi ya usultani na Waingereza, imepita Mapinduzi ya 1964, na mwaka 2005 ilitimiza miaka 100. Hii haikuanza na andiko la mradi. Wanachama walijichangisha, wakapiga kwenye harusi na sherehe, watu wakawatuza. Mcheza kwao hutunzwa. Kijana aliyetaka kujua udi au kanuni alikaa karibu na mzee anayeujua, jioni baada ya jioni.

Nisiipambe kupita kiasi. Klabu haiwezi kubeba watoto mia tano wa mtaa mzima, na kwa muda mrefu ilikuwa mahali pa wanaume watu wazima. Lakini ina kitu ambacho Caracas na Korogocho wanakitafuta bado: mwenye ufunguo wa chumba ni mtu wa palepale, na mfadhili akiondoka, ufunguo unabaki.

Mimi naona hivi. Mlipaji mmoja ni hatari, awe serikali, kampuni au ubalozi. Gharama za sanaa hazifanani, basi zigawanywe. Mshahara wa mwalimu ni wa kila mwezi, huo uwe wa serikali, tena kwa sheria ya bajeti, si kwa hisani ya kiongozi. Ala hununuliwa mara moja, hapo kampuni na wahisani waje wapige picha zao, hakuna ubaya. Nyuzi zinazokatika na ngozi za ngoma zinazopasuka, hizo mtaa unaweza kuzibeba kwa harusi mbili tatu. Na vyumba tunavyo tayari: Tanzania ilifuta ada ya shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, madarasa yamejengwa kila kata, na shule zikishafunga jioni mengi yanabaki matupu na kufuli mlangoni.

Watasema watoto wanahitaji sayansi kwanza. Sawa. Ila waulizeni hao wanaosema hivyo, kwenye harusi ya binti yao huwa wanaalika nani?

Sasa niambieni wadau: mtaani kwenu, ala zikipatikana kesho, ufunguo wa chumba atashika nani?