Volkano Mfu: Istilahi na Hoja Iliyo Nyuma Yake

Vitabu vya jiografia huzigawa volkano katika mafungu matatu: zilizo hai, zilizolala na zilizokufa. Tunalokusudia kulichunguza hapa ni fungu la tatu, kwa kuwa jina "volkano mfu" halielezi kitu kilichoonekana kwa macho. Jina hilo ni hitimisho.

Tuutazame Mlima Meru. Mwaka 1910 ulitoa majivu kidogo, na tangu hapo haukulipuka tena. Mkazi wa Arusha aliyezaliwa na kuzeeka chini yake bila kuona moshi hushawishika kuuita mfu. Jana kimya, juzi kimya, basi na kesho kimya. Hoja hiyo hutoka katika mifano iliyoonekana ikahukumu isiyoonekana. Tuiite hapa hoja ya mifano. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alionyesha mwaka 1739 kwamba mantiki haiidhamini: anayesema kesho itakuwa kinyume cha jana hajajipinga mwenyewe.

Mfaransa Pierre-Simon Laplace, katika insha yake ya mwaka 1814, alijaribu kuipimia. Kwa kanuni yake, jambo likitokea mara 100 mfululizo, kipimo cha kutokea tena ni 101 kwa 102. Tukiihesabu miaka 100 ya kimya cha Meru, yaani 1911 hadi 2010, mwaka uliofuata ulibakiwa na fungu moja kati ya 102 la kulipuka. Hatudai kuwa ndivyo wanajiolojia wapimavyo. Wao husoma tabaka za miamba na majivu, nao wametambua kwamba ubavu wa mashariki wa mlima huo uliporomoka kiasi cha miaka 8,000 iliyopita. Maziwa ya Momela yamekaa juu ya kifusi chake. Kwa mlima wa umri huo karne moja ni kitu gani? Linalotuhusu ni kwamba fungu lile, hata likipungua, haliwi sifuri, ilhali neno "mfu" lasema sifuri.

Hoja ya mifano ilikwisha kuumbuka katika mkoa huohuo wa Arusha. Wanajiolojia walizoea lava za silika, na baadhi yao walikataa kabisa kwamba miamba ya kaboneti yaweza kutokana na lava. Mwaka 1960 J. B. Dawson akaona katika kasoko ya Ol Doinyo Lengai lava nyeusi ya kaboneti ya sodiamu, yenye joto kiasi cha nusu tu ya lava ya kawaida, ambayo ikipata unyevu hugeuka nyeupe kama magadi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1962.

Kiswahili hakikosi maneno ya kupimia jambo hili. Kina yakini kwa lisilo na shaka, na kina yamkini kwa linalotarajiwa bila kuthibitika. Tungependa "uwezekano" ubaki kwa lolote lisilo muhali, na "uyamkini" utumike pale uwezekano unapopimwa kwa tarakimu. Siku hizi yote mawili huchanganywa ovyo.

Kuhusu Meru, ambao chini yake lipo jiji lililohesabiwa watu zaidi ya 600,000 katika sensa ya 2022, tunashauri waandishi wa vitabu vya shule wauweke miongoni mwa volkano zilizolala. Na kila neno "mfu" lisipoepukika kwa mlima mwingine, liandikwe pamoja na umri wa mlipuko wa mwisho unaojulikana.