Wosia wa Mama na Elimu ya Binti: Mwana Kupona na Mwana Hashima

Katika historia ya elimu ya pwani ya Afrika Mashariki, habari za chuo na za mwalimu zimeandikwa mara nyingi. Habari za nyumba na za mama ni chache. Sababu yake si ngumu kuiona. Chuo kilikuwa na mahali pake, na mwalimu alikuwa na jina lake, na wanafunzi waliokuja kuwa makadhi na maulamaa waliwataja walimu wao mmoja baada ya mmoja. Mama alifundisha ukumbini na uani, wala hapakuwa na desturi ya kuorodhesha waliosoma kwake. Kwa hiyo hati yoyote ambayo ndani yake mama husikika akimfundisha mwanawe kwa maneno yake mwenyewe ni hati ya thamani kubwa kwa mwanahistoria. Hati ya namna hiyo ipo, nayo ni Utendi wa Mwana Kupona.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu. Mji wa Siu, ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ulisifika kwa wanavyuoni wake, kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, na kwa mafundi wake wa kazi nyingi. Bwana Mataka alikataa kumtii Seyyid Said, Sultani wa Unguja, na katika miaka ya 1840 majeshi yaliyotumwa kuishika Siu yalirudi yameshindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwacha Mwana Kupona na binti, Mwana Hashima, na mtoto mdogo wa kiume. Mwaka 1275 wa Hijra, ambao ulianza mwezi wa Agosti 1858, mjane huyo alikuwa ameugua muda wa kama mwaka mmoja. Ndipo alipomtungia binti yake utendi wa beti 102. Mwana Hashima, ambaye hutajwa kuwa alizaliwa mwaka 1841, alikuwa msichana wa miaka kama 17. Mamake hakuishi sana baada ya hapo. Alikufa kama mwaka 1860.

Utendi huu ulifika mikononi mwa wasomi wa Ulaya kwa njia ya Alice Werner, aliyeuchapisha mwaka 1917, na kisha kwa njia ya kitabu alichokitoa pamoja na William Hichens mwaka 1934. Kitabu hicho cha pili kiliuita utendi huu nasaha juu ya wajibu wa mke, na jina hilo likaganda. Tangu hapo msomaji asiyejua Kiswahili cha Kiamu aliufungua akijua tayari atakachokikuta: mama wa Kiislamu akimfundisha bintiye kumtii mume. Jina hilo si la uongo, kwani sehemu kubwa ya utendi ni ya mambo ya mume. Lakini limeficha jambo moja, na jambo hilo ndilo linalouhusu zaidi uchunguzi wa elimu. Mwana Kupona hakuanza kwa kumtaja mume. Alianza kwa kumwita binti yake aje karibu, aketi, naye awe na wino na karatasi.

Yafaa kulipima jambo hili kwa uangalifu. Mtu aweza kusema, na kwa haki, kwamba kuitisha karatasi na wino ni desturi ya watunzi wa tendi. Tendi nyingi hufunguliwa kwa mtunzi kumwamuru mwandishi alete kalamu nzuri, wino mweusi na karatasi safi, na mara nyingi mwandishi huyo huitwa ndugu au rafiki, yaani mwanamume. Basi maneno ya Mwana Kupona, peke yake, si ushahidi wa kutosha kwamba tukio hilo lilitokea vile vile chumbani mwa mgonjwa. Lakini desturi inapotumiwa, la kutazamwa ni pale mtumiaji anapoigeuza. Hapa mwandishi mwanamume hayupo. Mahali pake ameitwa binti. Ikiwa binti ndiye aliyeandika huku mama akisema, basi alikuwa msichana aliyejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ikiwa mama aliandika mwenyewe, basi binti alikua mbele ya mama mwenye kushika kalamu. Na hata ikiwa yote hayo ni mapambo ya utungo tu, bado mtunzi aliona kwamba wasikilizaji wake hawatashangaa kusikia kwamba wino na karatasi vimo mikononi mwa msichana wa nyumba ile. Katika kila hali, utendi unashuhudia nyumba ambamo maandishi hayakuwa mali ya wanaume peke yao.

Uzito wa ushahidi huu huonekana zaidi ukilinganishwa na habari za nyumba nyingine ya wakati huo huo, nayo ni nyumba ya adui wa Bwana Mataka. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki mtawala wa Siu. Miongoni mwa binti zake alikuwamo Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme ameeleza kwamba katika nyumba za Sultani wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulikuwa ni kwa wavulana. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akiyafuatisha maumbo ya herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika mahali pa ubao. Wala woga wa wakubwa juu ya msichana mwenye kalamu haukuwa bure kwa upande wao, maana mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, Salme ndiye aliyewaandikia waasi barua zao, naye hakupita miaka 15.

Basi kusoma na kuandika vilikuwa mambo mawili mbalimbali, na kati yake palikuwa na mlango. Kusoma kulimfikisha msichana kwenye sala na Kurani, navyo vilikuwa faradhi. Kuandika kulimfikisha kwa watu walio mbali naye, nako hakukuwa na mpaka. Kama nyumba ya Unguja iliufunga mlango huo hata binti ikambidi aupenye kwa siri, utendi wa mama wa Siu unaanza mlango ukiwa wazi, na mwenye kuufungua ni mama.

Baada ya ufunguzi huo, mafundisho yenyewe yana mpango wa mwalimu anayejua kazi yake. La kwanza ni dini, kushika faradhi na, ikiwezekana, sunna. La pili ni adabu, pamoja na ulimi wenye kumletea mtu mapenzi popote aingiapo. La tatu ni ukweli, na kujitenga na asiyeshika haki. Kisha huja namna ya kukaa na watu, kuwaheshimu wakubwa, kutofuatana na wajinga, kutozua maneno ya fitina. Ndipo zinapotajwa radhi tano ambazo mwanamke azihitaji, nazo ni radhi za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume. Mume ametajwa wa mwisho katika hesabu hiyo, ingawa baada ya hapo ndiye anayezungumzwa zaidi. Mama hueleza kwa urefu namna ya kumtumikia, kumpepea, kumnyamazia akiwa na hasira, kutotoka bila ruhusa yake. Na pia namna ya kuiweka nyumba safi na kujipamba kwa hina, marashi na vyombo vya dhahabu. Halafu hulitoa somo katika maneno na kulitia katika maisha, kwa kusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokaa na Bwana Mataka, na jinsi mume huyo alivyomwombea siku ya kufa kwake. Mwalimu amejifanya mfano wa somo lake.

Njia ya kufundisha pia yastahili kuangaliwa. Mama mgonjwa hakuchagua hotuba wala barua, alichagua utendi. Mizani ya utendi ni mifupi, silabi nane katika kila kipande, na vipande vinne hufanya ubeti. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne hurudi kwenye kina kimoja kinachoshika tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa umbo hilo, asiyejua kusoma aweza kuhifadhi, na ajuaye kusoma aweza kusahihisha alichokihifadhi. Wosia wa mama anayetazamia kufa wahitaji umbo la namna hiyo, kwa kuwa mwalimu hatakuwapo kulirudia somo. Tena kina cha mwisho katika utendi huu huangukia mara nyingi kwenye vitenzi vya umbo la kutendea, na juu ya maneno yanayofanana navyo kwa sauti. Kila ubeti basi huelekea kumalizika kwa tendo linalomwendea mtu: kuambia, kuangalia, kunyamazia. Huenda hilo ni tokeo la sarufi tu, maana Kiswahili kina maneno mengi ya mwisho huo. Lakini lawafikiana vizuri na utungo ambao shabaha yake yote ni mtu mmoja kumwambia mwingine.

Lugha yenyewe ni somo jingine. Mtunzi alizaliwa Pate na kuolewa Siu, miji yenye lahaja zake, lakini alitunga kwa lugha ya ushairi wa kaskazini, ile ambayo msingi wake ni Kiamu na ambayo huchota maneno mengi ya Kiarabu. Msichana aliyeuhifadhi utendi huu hakupata mawaidha peke yake. Alipata pia lugha ya watu wenye elimu, aliyoweza kuitambua katika tungo nyingine na kuitumia akitaka kutunga. Kwa maana hiyo mama alikuwa pia mwalimu wa fasihi.

Hapa lazima swali gumu liulizwe. Je, elimu hii ilimfungua binti au ilimfunga? Hapana njia ya kuzifuta beti zinazomweka mke chini ya hiari ya mume hata siku ya kiyama, na haifai kuzigeuza ili zipendeze watu wa wakati mwingine. Wako wasomi wa miaka ya karibuni waliojaribu kuzisoma beti hizo kama maneno yenye dhihaka ndani yake, au kama mbinu za mwanamke anayejua kumtawala mtawala wake. Yawezekana, na ubeti unaomwelekeza binti kumchukulia mume kama mtoto asiyejua kusema watia nguvu fikira hiyo. Lakini historia ya elimu haihitaji kungojea hukumu ya swali hilo. Mafundisho ya mama na kitendo cha mama vyaweza kuelekea pande mbili. Kwa mafundisho alimwandaa binti kuishi katika mji wake kama ulivyokuwa. Kwa kitendo, yaani kwa kumpa maandishi, alimpa kitu kilichozidi mahitaji ya mke mtiifu, kwa maana utiifu hauhitaji karatasi.

Tena hakumpa yeye peke yake. Karibu na mwisho wa utendi, mama huwageukia wanawake wote na kuwataka wasome na wafahamu maana, ndipo anapoitaja tarehe na hesabu ya beti, na kujitaja yeye mwenyewe. Hilo ni neno la mtu anayejua kwamba wasomaji wanawake wapo, au anayetaka wawepo. Nao walikuwapo. Utendi uliingia katika nyumba za Lamu na visiwa vya jirani, ukanakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa na kuimbwa na wanawake waliowafundisha binti zao. Mwana Hashima mwenyewe aliishi maisha marefu. Hutajwa kuwa alikufa mwaka 1933, mwaka mmoja kabla ya kuchapishwa kwa kitabu cha Hichens na Werner. Katika karne ya 20 umbo hilo lilitumiwa na baba: Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Wosia uliotoka ukumbini ukawa fani ya fasihi.

Pamoja na hayo, mwanahistoria hana budi kukumbuka ni mama gani aliyesikika. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, na wakati wake wa kufundisha ulitokana na kazi ya wengine. Utendi wenyewe wamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Wanawake hao nao walikuwa na watoto, na bila shaka waliwausia. Lakini wasia wao haukupewa karatasi, na mwingi umepotea pamoja na waliousema. Beti 102 za Siu hazisemi kwa niaba yao. Zinaonyesha tu kwamba pale mama alipokuwa na wino, alianza kwa kumwita binti yake aketi karibu nao.