Difu ya Peugeot 404: Kipi kirudishwe, kipi kitupwe

Mwenye Peugeot 404, gari lililoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960 na kushinda mbio za Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, hukabiliwa na swali zito pindi fundi afunguapo difu: je, vipuri vilivyochakaa virudishwe?

Difu hii si kama ya magari mengi. Ndani yake chuma chenye umbo la parafujo huzungusha gia ya bronzi. Kwa kuwa bronzi ni laini kuliko chuma, hiyo ndiyo hulika kwanza, na unga wake wa rangi ya dhahabu huonekana katika mafuta. Unga mwembamba si wa kutisha. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, au meno yaliyokonda nchani, ni dalili kwamba gia imekwisha.

Gia na parafujo zilizozoeana kwa miaka mingi hazitenganishwi. Kuoanisha gia ya gari hili na parafujo ya jingine, kwa tamaa ya kuokoa pesa, huleta mvumo na kuharakisha ulikaji. Afadhali jozi kuukuu yenye meno laini.

Beringi hazistahili huruma hiyo. Yenye kishimo hata kimoja, au iliyogeuka rangi kwa joto, itupwe. Ikivunjika mwendoni, magurudumu ya nyuma yaweza kukwama ghafla. Sili za mafuta hubadilishwa zote, maana bei yake ni ndogo.

Mafuta nayo yachaguliwe kwa makini, kwani baadhi ya yale ya difu za kawaida yana salfa inayoila bronzi.