Je, sheria yaruhusu kumuua mwizi ili kulinda mali?

KATIKA mji wa Buna, ulio kwenye barabara itokayo Wajir kuelekea Moyale, mali ya mtu huhesabiwa kwa mifugo. Ngamia ndiye maziwa ya watoto, mahari ya kijana na akiba ya siku za ukame. Kumpokonya mfugaji ngamia wake ni kuitia jamaa nzima njaa. Ndiyo maana wengi huamini kwamba ampigaye risasi mwizi wa mifugo hana hatia.

Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Makosa ya Jinai (Sura ya 63) chaagiza kwamba hatia ya mtu aliyetumia nguvu kujitetea au kutetea mali ipimwe kwa kanuni za kale za Uingereza, zilizojengwa na maamuzi ya mahakama. Kanuni hizo huuliza maswali mawili: je, kulikuwa na haja ya kutumia nguvu? Na je, nguvu hizo zililingana na hatari iliyokuwapo?

Mfugaji anayefyatua risasi baada ya wavamizi kumwelekezea bunduki ana utetezi, kwa kuwa anaokoa uhai. Anayemfuata mwizi aliyekwisha kuwaacha ngamia na kutimua mbio, akampiga risasi ya mgongo, hana.

Katiba ya zamani, katika kifungu cha 71, ilitaja waziwazi utetezi wa mali miongoni mwa sababu zinazoweza kuhalalisha kifo, mradi nguvu zilizotumika ziwe za kadiri. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 hakikurudia orodha hiyo. Chasema tu kwamba mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi ila kwa kiasi kinachoruhusiwa na Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa.

Adhabu

Adhabu ya mauaji ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 jaji halazimiki kuitoa. Kuua bila kukusudia, ambako ndiko huishia kesi nyingi za nguvu kupita kiasi, kwaweza kuleta kifungo cha maisha. Wizi wa mifugo, usiohusisha silaha wala vitisho, adhabu yake haizidi miaka 14. Hivyo amuuaye mwizi wa aina hiyo ametoa hukumu ambayo hata hakimu hana uwezo wa kuitoa.

Kesi iliyovuma zaidi nchini ni ya Thomas Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere. Mwaka 2006 alimpiga risasi mkata mawe katika shamba la Soysambu, akimshuku kuwa mwindaji haramu. Alijitetea kwamba aliwalenga mbwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande. Wananchi wengi waliiona adhabu hiyo kuwa ndogo mno.

Diya na dhamiri

Kaskazini Mashariki hesabu haiishii mahakamani. Kwa desturi ya Wasomali, diya ya mwanamume ni ngamia 100, na hulipwa na ukoo mzima. Aliyeua kwa ajili ya ngamia 10 aweza kuwagharimu ndugu zake mara kumi ya alichookoa, na diya isipolipwa, kisasi hufuata.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu mashtaka ya mauaji yaondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa njia hiyo. Majaji wengine wamekataa maombi kama hayo, wakishikilia kwamba mauaji ni kosa dhidi ya taifa zima. Kwa hiyo diya si kinga ya kutegemewa.

Uislamu nao humpa heshima afaye akitetea mali yake. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi eneo hilo, hufundisha kwamba mvamizi azuiwe kwanza kwa njia iliyo nyepesi: kwa sauti, kisha mkono, kisha fimbo. Silaha ni ya mwisho, na mvamizi akikimbia ruhusa hiyo hukoma.

Aliyeibiwa, basi, na afuate nyayo pamoja na wazee, apige ripoti kwa chifu na polisi mapema, na aeleze alama za mifugo wake. Ngamia aliyeibwa aweza kurudishwa au kulipwa.