Kabureta ya Injini ya Merlin: Uamuzi wa Kihandisi na Gharama Yake Vitani, 1933–1943

Katika maandishi mengi kuhusu vita vya angani vya mwaka 1940, kabureta ya injini ya Merlin hutajwa kuwa kosa la wahandisi wa Uingereza. Hoja huwa fupi: Wajerumani walikuwa na mfumo wa kurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ilhali Waingereza walibaki na kabureta, na marubani wao wakaponzwa nayo. Insha hii inashikilia kwamba hukumu hiyo inaeleza nusu tu ya jambo. Kabureta ilitetewa kwa sababu za kisayansi zenye uzito. Hata hivyo, gharama yake ililipwa angani, mbali na meza za majaribio ambako faida zake zilipimwa.

Merlin iliwashwa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1933, miezi michache baada ya kifo cha Henry Royce, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Rolls-Royce iliyoiunda. Ilikuwa na silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ikapozwa kwa kimiminika, na ujazo wake ulikuwa lita 27. Mpinzani wake, Daimler-Benz DB 601 ya ndege ya Messerschmitt Bf 109, ilikuwa na ujazo wa karibu lita 34. Tofauti hiyo haina budi kuzingatiwa tangu mwanzo, kwa kuwa injini ndogo iliyotakiwa kushindana na kubwa ililazimika kuingiza hewa nyingi zaidi katika kila lita ya ujazo wake.

Hapo ndipo kabureta ilipopata watetezi. Hewa ya Merlin ilishindiliwa na supachaja, yaani feni yenye kasi kubwa inayozungushwa na injini yenyewe. Petroli iliingia kabla ya feni hiyo, ikageuka mvuke, na katika kugeuka huko ikaipoza hewa. Stanley Hooker, mwanahisabati aliyejiunga na Rolls-Royce mwaka 1938, alieleza baadaye kwamba joto lilishuka kwa takribani nyuzi 25 za Selsiasi. Hewa iliyopoa huwa nzito zaidi kwa ujazo uleule. Kwa hiyo silinda ilipokea hewa nyingi zaidi na nguvu ikaongezeka. Petroli inayorushwa ndani ya silinda haitoi faida hiyo kwa supachaja.

Vita vilifichua upande wa pili. Rubani wa Bf 109 aliyefuatwa kwa nyuma aliweza kusukuma usukani mbele na kuzamia ghafla. Rubani wa Spitfire au Hurricane aliyejaribu kumfuata kwa njia hiyohiyo alikuta petroli imerushwa juu ndani ya chemba ya kabureta, na injini ikakatika kwa kukosa mafuta. Baada ya hapo boya liliacha vali wazi, petroli ikafurika, na injini ikazimika tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Marubani walijifunza kuigeuza ndege mgongo chini kabla ya kuzamia, na sekunde zilizotumika kufanya hivyo zilitosha kumpoteza adui, au kumpa nafasi adui mwingine aliyekuwa nyuma yao.

Dawa ya kwanza ilitoka Farnborough, katika kituo cha utafiti wa ndege cha serikali. Beatrice Shilling, mhandisi ambaye pia alikuwa bingwa wa mbio za pikipiki, alibuni kizuizi kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa ili lipitishe kiasi kile tu cha petroli ambacho injini ilihitaji ilipofanya kazi kwa nguvu zote. Mapema mwaka 1941 vizuizi hivyo vilifungwa katika vituo vya ndege bila injini kuondolewa. Havikumaliza tatizo: mkatiko mfupi wa mwanzo ulibaki, ila mafuriko yaliyoufuata yalidhibitiwa. Inashangaza kwamba kifaa sahili kiasi hicho hakikupatikana kabla ya mapigano makubwa ya 1940.

Wakati huohuo petroli ya oktani 100, ambayo Ujerumani haikuwa nayo kwa wingi, iliruhusu hewa kushindiliwa zaidi bila injini kugonga. Hooker naye alirekebisha njia za hewa, kisha ikaja Merlin 61 yenye supachaja ya hatua mbili na kipozeo cha hewa, iliyokusudiwa awali kwa ajili ya ndege ya Wellington ya kulipua mabomu kutoka juu sana. Ujio wa Focke-Wulf Fw 190 mwaka 1941 ulibadilisha mpango huo, na kufikia Julai 1942 injini hiyo ilikuwa vitani ndani ya Spitfire IX. Ujazo ulibaki lita 27, lakini nguvu iliyokuwa takribani hospawa 1,030 mwanzoni mwa vita ilikaribia mara mbili katika matoleo ya mwisho.

Ushahidi wenye uzito zaidi dhidi ya hukumu ya kawaida ni suluhisho la mwaka 1943. Merlin ilipopewa kabureta ya Bendix yenye kutumia shinikizo badala ya boya, petroli haikupelekwa ndani ya silinda kama walivyofanya Wajerumani. Ilinyunyizwa kwenye mlango wa supachaja, ikaendelea kuipoza hewa kama awali, na rubani akaweza kusukuma usukani mbele bila injini kukatika.